Nilisaini Kwamba ni Mbwa Mwitu

Kondoo saba walikufa ndani ya siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyeliwa.

Hata kipande cha ukubwa wa kiganja hakikuondoka.

Na mimi, daktari wa mifugo mwenye cheti cha chuo, nikachukua kalamu nikaandika kwenye fomu ya wilaya ya vifo vya mifugo: WAMEUAWA NA MBWA MWITU. Nikagonga muhuri.

Hao kondoo sikuwa nimewaona.

Hili jambo limenikaa kooni miaka mitatu sasa. Watu wa kwetu wakisoma hapa watanijua ni nani. Na wanijue tu. Nimechoka.

Naitwa Asylkan. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, daktari pekee wa mifugo kwa vijiji vitatu. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta ya Sary-Kungoy, huku milimani Naryn. Kwetu kila mtu ana kondoo. Asiye na kondoo ana farasi. Asiye na vyote viwili ni mwalimu, na hata yeye ana mbuzi.

Na mbwa mwitu tulikuwa nao, nisieleweke vibaya. Februari ya mwaka ule walishuka mpaka nyuma ya shule wakaua watoto wawili wa farasi, theluji ikawa nyekundu. Nilifika mwenyewe, nikazipima zile nyayo kwa kiganja changu. Wiki nzima watoto walisindikizwa shule na baba zao wenye bunduki.

Kwa hiyo ilipofika Juni, mtu akisema "mbwa mwitu", hakuna aliyeuliza mara mbili.

Aliyeniletea habari za wale saba alikuwa baba yangu mdogo, Temirkul.

Huyu lazima niwaeleze. Baba alikufa nikiwa na miaka tisa. Temirkul, mdogo wake, akanichukua akanilea na mkewe, mama mdogo Burmakan. Nilipofaulu kwenda chuo mji mkuu, Bishkek, aliuza farasi wake wa mashindano, yule mwekundu aliyekuwa akimwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Hajawahi kunikumbusha hilo hata siku moja.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayekuweka pabaya. Utamkataliaje kitu?

Basi akaingia ofisini, kofia mkononi, buti zimejaa tope. Akaniwekea simu mezani.

"Mwanangu, nimekwisha. Tazama."

Picha. Shingo zimechanika. Matumbo yamevimba. Manyoya yana damu.

"Pole baba. Wote saba?"

"Wote. Kule juu, karibu na maji." Akaigeuza kofia mkononi. "Hutaki kwenda kuona?"

Malisho yake ya kiangazi yalikuwa mwendo wa saa nne kwa farasi. Nilikuwa na ng'ombe wa mtu anazaa vibaya, nilikuwa na ripoti ya mwezi haijaguswa.

"Ya nini? Nikuamini wewe au nimwamini nani?"

Nikasaini.

Aliichukua karatasi akasimama nayo pale, kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu akatoka.

Siku tano baadaye akaleta picha nyingine. Nikasaini. Wiki iliyofuata tena. Fomu tatu, kondoo kumi na sita, na mguu wangu haujatoka kijijini.

*

Sasa njooni kwa Ryspek.

Ryspek alikuwa askari wa wanyamapori, kaletwa kwetu vuli iliyotangulia kutoka upande wa ziwa Issyk-Kul. Alipanga chumba kwa watu. Haongei. Hanywi na wenzake. Ukimsalimia anaitikia, basi, anapita na gari lake, Niva ya kijani iliyochakaa.

Mtu wa hivyo kijijini kwetu hana bahati. Asipojieleza, wenyewe tunamweleza.

Kwamba mbwa mwitu kawaleta yeye, kwenye lori limefunikwa turubai. Kwamba anawawekea nyama makorongoni. Eti anawapa majina! Kuna mama mmoja aliapa kabisa kamsikia akiita "Sultan, Sultan" kule msituni.

Nilicheka. Lakini moyoni nikajisemea: mtu mzima, peke yake, hana mke, kila siku porini. Anafanya nini huko?

Siku moja akaingia ofisini kwangu. Hakukaa.

"Dada daktari, wale kondoo wa Temirkul umewaona?"

"Nimeona picha."

"Sikuulizia picha."

Ikaniuma. "Unataka nini, kaka?"

"Mbwa mwitu gani anaua saba halafu anaondoka na njaa yake?"

"Usinifundishe kazi. Mbwa mwitu akiingia katikati ya kundi anaweza kuua kumi akala mmoja."

"Ndiyo," akasema polepole. "Anakula mmoja."

Akaendelea.

"Watatu niliwakuta korongoni. Damu imetoka puani na nyuma. Nyeusi. Haikuganda, na walikuwa wamelala pale muda mrefu. Zile shingo zimekatwa, hazikung'atwa. Nimewazika kwa chokaa. Panda ukaone wengine, dada, kabla hawajafukiwa."

Hapo ndipo kichwa changu kilipotakiwa kuamka. Damu nyeusi isiyoganda! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeruka kwenye kiti.

Mimi nilisikia kitu kimoja tu: mgeni anamwita baba yangu mwongo.

"Na wewe ulijuaje walipo? Nani alikutuma ukaguse mizoga ya watu?"

"Nilifuata tai."

"Kaka, wewe ni askari wa wanyama wako. Mifugo niachie mimi. Mlango ule pale."

Akanitazama kidogo, akaondoka. Nikabaki namshuku zaidi. Nikawaza, huyu anafuta ushahidi wa mbwa mwitu wake.

*

Jumapili mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika. Ulijaa hadi madirishani.

Hoja ilikuwa moja: tuombe kibali cha kuwasaka mbwa mwitu wote wa bonde la Kashka, wakubwa kwa wadogo, au tusiombe?

Mwenyekiti wa kijiji, Medet, aligonga meza. "Tusipigane. Anayetaka kusema anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Wote walisema kwa pamoja.

Aliyeanza kusikika ni Mwalimu Kalyipa. Mama wa miaka sitini na kitu, kafundisha biolojia kizazi chetu chote. Kiangazi anakaribisha watalii kwenye yurta zake, yale mahema ya mviringo ya manyoya.

"Mbwa mwitu hawakuja juzi," akasema. "Mazizi yenu hayana paa, mbwa wenu wamenenepa kama makarani, wachungaji mnalewa mchana. Leo lawama yote msituni! Mkiwamaliza hao, subirini nguruwe pori wawalimie viazi."

"Mwalimu, wewe unawatetea kwa sababu ya wageni wako!" Huyo alikuwa Shailoo, mdomo wa kijiji. "Wanapiga picha nyayo, wanaondoka. Mizoga tunabaki nayo sisi!"

"Sisi nani, Shailoo? Wewe tangu lini una kondoo? Wa mwisho si ulimla kwenye harusi ya shemeji yako?"

Ukumbi ukacheka. Hata Medet.

Halafu akasimama mama mmoja wa pale karibu na shule. Hakupaza sauti.

"Mwanangu ana miaka saba. Aliikanyaga ile damu Februari. Mpaka leo anakojoa kitandani. Hilo nalo, Mwalimu, utaliweka kwenye somo gani?"

Mwalimu Kalyipa akakaa.

Kicheko kikafa. Na kusema kweli hapo wote walikuwa na haki, huyu na yule. Kama mkutano ungeishia pale, labda tungepatana.

Lakini Shailoo alikuwa na simu yake. Akainyanyua juu.

"Na huyu je? Mtazameni!"

Ilikuwa picha ya Niva ya kijani, mlango wa nyuma wazi. Ndani, miguu ya kondoo inachungulia kwenye turubai.

Ukumbi ulilipuka. "Anawalisha! Si tulisema? Anawalisha kondoo wetu!"

Ryspek alikuwa amesimama nyuma, karibu na jiko. Medet akamwita mbele.

"Ndugu, hii ni kweli?"

"Niliwabeba kwenda kuwazika. Wale kondoo wana ugonjwa." Akanigeukia. "Nilimwambia daktari."

Jamani.

Watu wote waligeuka kunitazama mimi. Mamia ya macho. Na katikati ya hayo yote, macho ya baba yangu mdogo Temirkul, kakaa mstari wa mbele, kofia magotini, ananiangalia kama anavyoniangalia tangu nina miaka tisa.

Ningeweza kusema "ndiyo, aliniambia". Maneno mawili tu.

"Hakuniambia kitu," nikasema.

Ryspek hakubisha. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata jibu la swali alilokuwa nalo siku nyingi, akapita katikati ya watu akatoka.

Mikono ikanyooshwa. Fomu zangu tatu zikaambatanishwa na barua kama ushahidi wa kitaalamu.

Siku ya pili vioo vya Niva vilikutwa vimepasuliwa. Mwenye nyumba akamwambia atafute pengine. Dukani, mkate ukawa unaisha kila akiingia. Akahamia kwenye kibanda cha kazi chini ya daraja.

Mimi nikaendelea na kazi. Nikimwona kwa mbali, nageuza njia.

*

Kibali kilitoka baada ya wiki tatu. Msako ukapangwa Jumamosi. Wanaume arobaini, kutoka vijiji vyote vitatu, na baba mdogo ndiye mwenyeji: wakimaliza watakula kwake, kwenye yurta yake, mchana.

Asubuhi hiyo, kwenye saa nne, mama mdogo Burmakan akaingia ofisini. Alikuwa kashuka jana yake kupika maandazi ya sherehe, anangoja usafiri wa kurudi juu.

"Mwanangu, una dawa ya kupaka? Kitu kimeniuma mkononi. Buibui sijui."

Akavuta mkono wa gauni.

Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo. Katikati cheusi, cheusi kama mkaa. Pembeni kimevimba, kimezungukwa na vilengelenge.

"Kinauma?"

"Hata. Kinawasha tu."

Niliushika ule mkono nikausogeza dirishani. Kidonda cheusi kisicho na maumivu. Nilikiona kwenye kitabu, ukurasa wa kulia, juu. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa akisema: ukikiona hiki, usiulize kinauma wapi, uliza alichuna nini.

"Mama mdogo. Ulichuna nini?"

Akashusha mkono wa gauni haraka. "Kondoo. Kwani nini?"

"Kondoo gani?"

"Asylkan, acha. Baba yako alinikataza."

"Alikukataza nini?"

Akaanza kulia, yule mama ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba. Akamwaga yote.

Mbwa mwitu hawakuwahi kufika pale. Mwaka ule chanjo ilichelewa kuja wilayani, na baba mdogo hakusubiri, akapandisha kundi mapema. Mvua za Mei zilibomoa ukingo wa kijito chini ya yurta yao, mifupa ya zamani ya ng'ombe ikatokeza kwenye udongo. Kondoo wakawa wanakunywa hapo. Halafu wakaanza kuanguka. Anakula, anatetemeka, anaanguka, amekwisha. Damu puani.

Baba mdogo alizichana shingo baada ya kufa, kwa kisu kibutu, ndipo akapiga picha.

"Alisema wakijua watafunga malisho. Watachoma kundi lote. Mwanangu, miaka thelathini ya kazi yake ni lile kundi."

Nikauvuta tena mkono wa gauni yake, nikakitazama kile kidonda.

"Na uliyemchuna?"

"Wanne, wiki iliyopita. Walikuwa wanatetemeka, akawawahi, akawachinja kabla hawajafa. Ni halali, Asylkan, walikuwa hai! Nyama tukaipaka chumvi. Na jana kabla sijashuka aliniambia atawaongeza wengine watatu walioanza kulegea..."

"Nyama iko wapi?"

Alinitazama kama hajaelewa.

"Si ya wageni? Wa msako."

*

Kimeta. Ugonjwa unaokaa udongoni miaka mingi, unaoua mnyama na mtu. Nilikitamka kwenye simu kwa hospitali ya wilaya, nikakitamka kwa idara ya mifugo. Gari la wagonjwa likasema litakuja, lakini mpaka lifike kule juu ni jioni.

Kule malishoni hakuna mtandao. Magari yote ya kijiji yamekwenda msakoni.

Lilibaki moja tu.

Nilishuka darajani nakimbia, Burmakan nyuma yangu. Ryspek alikuwa anabandika nailoni kwenye dirisha la Niva. Alimtazama mama mdogo, akamtazama mkono, akatupa gundi chini.

"Pandeni."

Hakusema "nilikuambia". Ningefurahi angesema.

Njia ile ni mawe na makorongo. Upepo unaingia kila upande. Nikashindwa kunyamaza.

"Kwa nini unanisaidia?"

"Sikusaidii wewe."

Baada ya kona mbili tatu akaongeza, bila kunitazama: "Baba yangu alikuwa mchuna ngozi. Kilimtoka shingoni. Walisema ni jipu."



*

Tulifika saa nane na robo.

Mbwa mwitu wanne walikuwa wamelazwa mstari mmoja kwenye majani. Wa mwisho alikuwa jike, chuchu zimejaa maziwa. Wanaume wamekaa duara kwenye mazulia, kofia nyeupe zimewekwa kando, wanapasiana maziwa ya farasi. Sufuria mbili kubwa zinatokota. Baba mdogo kashika upawa. Mjukuu wake Aizirek, wa miaka mitano, kakaa miguuni pake.

"Msile!" nikapiga kelele kabla gari halijasimama. "Hiyo nyama msiiguse!"

Shailoo alinyanyuka. "Kaja na nani huyu? Tazameni kaja na nani!"

"Kahongwa!" mwingine akadakia.

"Kondoo hawa wana kimeta. Nimekosea. Zile fomu nilisaini bila kuona. Hakuna mbwa mwitu aliyeua kondoo wa hapa."

Minong'ono. Medet akasimama, uso umekunjamana. "Daktari, wewe si ndiye uliyeapa mbele yetu? Leo unasema hivi, kesho utasema vipi? Tukuamini upande gani?"

Burmakan akavuta gauni akaonyesha mkono wake. Wengine wakasogea, wengine wakacheka: "Kaungua na mafuta huyo."

Baba mdogo akatabasamu, lile tabasamu lake la upole.

"Mwanangu kachoka. Kazi nyingi." Akachota nyama na mchuzi, akauinua upawa watu wote wauone. "Nyama ya mkono wangu inaua? Haya. Mimi nakula wa kwanza."

Na nilijua atakula. Namfahamu. Angekula, angetafuna, angemeza, ili tu asiaibike mbele ya wanaume arobaini. Na wao wangekula baada yake.

"Usile wewe, baba," nikasema. "Mpe Aizirek."

Nikamsogelea.

"Kipande kimoja tu. Akila mjukuu wako, nachana kila nilichoandika, nageuza gari, narudi."

Kama angempa ningemrukia. Nilikuwa nimeshakaza miguu.

Mtoto alisikia jina lake. Akanyoosha kiganja, anapenda mafuta ya kondoo yule. "Babu, nipe."

Temirkul akamtazama. Upawa ukainama. Mchuzi ukamwagikia buti zake, tone baada ya tone, na watu wote wanaona.

Akaumwaga chini.

Akakaa palepale kwenye majani, akauficha uso kwa mikono.

Hapakuhitajika maabara. Medet akazipiga teke sufuria, moja, ya pili. Shailoo alikuwa amekwisha onja ini tangu asubuhi. Alikwenda nyuma ya yurta akijitia kidole kooni, analia kama mtoto.

*

Watu kumi na mmoja walilazwa, waliochinja, waliochuna na walioonja. Walipona wote, Mungu ni mkubwa. Mama mdogo ana kovu mkononi mpaka leo. Maabara ilithibitisha siku ya nne. Kundi likateketezwa, malisho yakafungwa, wakaja watu na mashine kuufukia ule ukingo.

Nilikwenda kumwona baba mdogo wodini. Alikuwa na kidonda kimoja kidoleni. Kulikuwa na askari mlangoni.

Nilikwenda na hasira yangu nimeipanga vizuri kichwani. Nikamuuliza kwa nini alinitumia. Mimi, niliyelelewa naye.

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "nilikuja na farasi wawili. Huyo wa pili niliyemfunga pale posta, nilimletea nani?"

Sikumwelewa.

"Nilikuwa nashuku. Niliogopa kusema kwa mdomo wangu. Nikawaza, nikimpelekea picha, yeye kasoma, atapanda, ataona mwenyewe, ataniambia: baba, kimeta hiki. Ingeishia hapo, na kondoo saba. Nilikuuliza kama hutaki kwenda kuona."

Akageukia ukuta.

"Ukasaini. Nikajua basi, hakuna atakayenizuia."

Nilitoka mle wodini bila hasira, na bila kitu kingine chochote.

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au aliitunga ile habari kitandani ili tugawane mzigo. Nilimuuliza mzee wa posta kama anakumbuka farasi wawili. Akasema, "Daktari, mbele ya posta kila siku kuna farasi."

*

Niliiandikia idara barua mwenyewe, nikajishtaki. Walinisimamisha kazi miaka miwili.

Nikaenda darajani kumwomba Ryspek msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uongo uliusemea ukumbini," akasema. "Mimi nitaufanyia nini hapa?"

Basi nikamwomba Medet aitishe mkutano. Nikasimama palepale, nikasema: aliniambia. Aliniambia damu nyeusi, aliniambia shingo zimekatwa, nikamfukuza, kisha nikamkana mbele yenu. Hakuna aliyenizomea. Walivaa kofia zao wakatoka mmoja mmoja. Ryspek hakuja hata kusikia. Wiki ile aliomba uhamisho, akaenda zake.

Ugomvi wa mbwa mwitu haujaisha, msidhani. Kundi jingine lilihamia bonde la Kashka majira ya baridi yaliyofuata. Mwalimu Kalyipa na Shailoo wanarushiana maneno mpaka leo, kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, usiku na mchana. Mama wa yule mtoto amejenga ukuta. Nadhani wataendelea kubishana hata nikifa, na sina la kuwafundisha juu ya hilo, maana mbwa mwitu kweli wanaua, na kweli wanasingiziwa.

Ila hili moja ninalo, na nimelilipia.

Ryspek nilimshuku kwa sababu haongei, hana mke, katoka mbali. Temirkul sikumshuku hata kidogo kwa sababu alinilea. Shaka yote nilimpa mgeni, imani yote nikampa ndugu, nikadhani huko ndiko kuwa na akili. Ningempa baba yangu mdogo robo tu ya shaka ile, ningekwenda naye siku ile ile. Ningemwokoa.

Mpende mtu wako. Lakini inuka, nenda ukaone.